Bloa ya shilingi 15,000 na kidoti kilichoniaibisha ukumbini

Bloa ninayoisimulia ni kipulizio kidogo cha mpira cha kutolea vumbi ndani ya kamera, na nimeinunua kwa sababu ya kidoti. Kidoti chenyewe nilikigundua kwenye sendofu moja huko Mbezi. Bibi harusi ameketi jukwaani, mimi nimepiga goti naweka fokasi kwenye jicho lake, nikaona kitu cheusi shavuni. Nikamwomba mpambe wake amfute. Akamfuta. Nikachungulia tena, kipo palepale. "Dada, bado, hapo karibu na pua." Akafuta tena, safari hii kwa nguvu kidogo hadi poda ikatoka. Mpambe akainama, akamkagua mwenzake uso mzima, kisha akanigeukia: "Kaka, huyu hana kitu. Hebu angalia kamera yako."

MC alikuwa na maiki mkononi na alisikia kila neno. Meza za mbele zilichekaje, sitaeleza. Kibanzi kilikuwa kwenye jicho langu mwenyewe.

Kamera yangu ni Canon 60D, toleo la mwaka 2010, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Nakiri sikuwa mtu wa kuitunza. Lenzi nilikuwa nabadilisha popote: kwenye pantoni ya Kigamboni, Coco Beach upepo wa kusi ukivuma na mchanga wake, hata pembeni ya barabara inayochimbwa kwa ajili ya mwendokasi. Kwa jiji hili vumbi lisingeacha kuingia.

Usiku ule nilipofika nyumbani nikafuta lenzi. Kidoti kipo. Nikabadilisha lenzi, kipo. Nikafuta kile kioo kidogo cha nyuma unapoweka jicho, bado kipo, tena kinaonekana kwa ukali kama nukta ya kalamu. Kesho yake nikaenda kwa fundi mjini. Jina la duka silitaji, maana kosa nusu lilikuwa langu. Akachungulia mara moja tu: "Kazi ya dakika tano hii, kaka." Akavua lenzi, akachukua pamba ya masikio, akaichovya kwenye spiriti, akaingiza ndani na kusugua kwa juu. Nilimtazama bila kusema kitu kwa sababu yeye ndiye fundi. Nikalipa 20,000.

Kidoti kweli kikaondoka. Mahali pake pakabaki mchirizi wa ukungu, umekatiza kutoka katikati hadi kona ya kulia, kama kioo cha gari kilichofutwa na waipa mbovu. Nilipomrudia akaniuliza, kwa utulivu kabisa: "Lakini picha zinatoka safi, si ndiyo?"

Na zilikuwa zinatoka safi. Ila zilikuwa zinatoka safi hata kabla sijamlipa, na hapo ndipo nilipokaa chini nikajisomea kamera yangu inavyofanya kazi.

Kamera za aina hii zina kioo ndani, nyuma ya lenzi, kimelala mshazari kwa digrii 45. Mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo hicho, unapanda juu kwenye kioo cha fokasi, halafu unazungushwa na prizimu hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kupiga, kioo kinanyanyuka na mwanga unakwenda moja kwa moja nyuma kwenye sensa, sehemu inayonasa picha yenyewe. Kwa hiyo vumbi lililo kwenye kioo cha fokasi unaliona wewe peke yako. Picha hailijui. Na hicho kinachoitwa kioo cha fokasi ni plastiki laini yenye mikwaruzo midogo ya makusudi. Ukikigusa kwa pamba, tena ya spiriti, umekiharibu. Kioo cha mshazari nacho kimepakwa tabaka lake la kuakisi kwa mbele, si kwa nyuma kama cha kabatini, kwa hiyo nacho hakitaki kidole.

Vumbi la kuogopa ni la sensa. Kulijua ni rahisi: funga tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100, toa fokasi kabisa, kisha piga ukuta mweupe au anga. Vidoti vikitokea kwenye picha yenyewe, hivyo ni vya sensa. Tundu likiwa wazi, kwenye f/2.8 au f/4, huwezi kuviona kirahisi, ndiyo maana sisi wa kumbini tunakaa navyo miaka bila kujua. Mimi nilipiga ukuta wa jirani, nikakuta viwili juu kushoto.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye bidhaa yenyewe. Bloa ya mpira, ile yenye umbo la roketi, nimeinunua Kariakoo kwa sh 15,000. Haina jina la maana. Kizuri chake ni kwamba kitakoni ina valvu, inavuta hewa kwa nyuma na kuitoa kwa mbele, kwa hiyo hairudishi vumbi ililolipuliza. Inasimama mezani yenyewe. Nguvu yake inatosha: nilivua lenzi, nikaigeuza kamera mdomo chini ili vumbi lidondoke badala ya kuzama, nikapuliza kama mara kumi bila kuingiza ncha ndani sana. Kwa sensa nilijaza betri kwanza, nikaingia kwenye menyu sehemu ya kusafisha kwa mkono ili kioo kinyanyuke na kubaki juu. Nilipopiga tena ukuta wa jirani, kimebaki kidoti kimoja. Duru ya pili, hakuna. (Ukitaka kujua kidoti kimekaa wapi: cha juu kwenye picha kipo chini kwenye sensa, lakini ukiitazama kwa mbele, cha kushoto kinabaki kushoto.)

Ubaya wake sasa. Ikiwa mpya ina unga mweupe ndani, wa kiwandani. Ningeipulizia kamera bila kuijaribu ningeongeza tatizo. Ilinibidi niioshe, niianike siku mbili na kuibonyeza hewani hadi iishe unga. Ncha yake inalegea, kwa hiyo ishike kwa vidole usije ukairusha ndani ya kamera. Halafu inanuka mpira, kwa kweli inanuka, hadi begi zima sasa lina harufu ya ndala mpya.

Kuna mwenzangu aliona 15,000 nyingi, akaipeleka kamera yake kwa jamaa wa kujaza upepo wa tairi. Kompresa ile inatoa hewa yenye maji na mafuta. Sina zaidi la kusema. Kupuliza kwa mdomo nako ni kutemea mate tu, hasa kwa jasho la Dar.

Mchirizi wangu bado upo. Kioo cha fokasi cha 60D kinabadilishika, cha kawaida kinaitwa Ef-A, ila nimeshauzoea na harusi zinaendelea. Mpambe akija kunisimamia siku hizi namwonyesha picha kwanza, ndipo nafungua mdomo kuhusu uso wa mtu.

Bloa naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ile harufu.