Rangi mbili au tatu: Nertsery Rhymes na La Cucaracha

Nertsery Rhymes, filamu fupi ya studio ya MGM (1933), ilipigwa kwa Technicolor (mfumo wa filamu za rangi) ya rangi mbili. La Cucaracha, filamu fupi ya studio ya Pioneer Pictures (1934), dakika 20 hivi, kwa rangi tatu.

Kamera ya rangi mbili ilipitisha mwanga kwenye vichujio viwili, chekundu na cha kijani, na picha zote zikaingia kwenye ukanda mmoja wa filamu. Ngozi za waigizaji hutoka vizuri. Kasoro ni bluu: haina pa kurekodiwa, hivyo gauni la bluu huishia kijani kilichofifia, na zambarau haipatikani kabisa.

La Cucaracha ilitumia kanda tatu kwa wakati mmoja. Prizimu, kipande cha kioo ndani ya kamera, iligawa mwanga: kijani kilikwenda kwenye ukanda wake, bluu na nyekundu kwenye kanda mbili zilizobanwa uso kwa uso. Wa nyekundu ulikaa nyuma, ndiyo maana picha yake hupungua ukali. Kamera ilikuwa kubwa na nzito, taa zikahitajika nyingi mno.

Kwa filamu ya ngoma kama La Cucaracha, gharama hiyo ilistahili. Tazama sketi zinavyozunguka, au uso wa mhusika unavyowiva kwa hasira ukimulikwa taa nyekundu.