Ukumbi wa watu 60, tulikuwa 36 na tukabanana: uzoefu wangu Kampala

Nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya mpishi.

Mimi ni wakala wa forodha. Kila mwaka tunawaita wateja na wasafirishaji wetu kwa siku moja, tuyamalize ana kwa ana yale tunayogombana kwa simu kuhusu mizigo inayokwama mipakani Malaba, Busia na Mutukula. Watu wanatoka Mombasa, Juba, Bunia na Goma, kwa hiyo kikao chote huwa kwa Kiswahili. Safari hii tulikuwa 36. Hoteli iko katikati ya mji, na jina lake nitalihifadhi kwa sababu haya niliyoyapata unaweza kuyakuta kwenye kumbi nyingi tu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliambiwa ukumbi unachukua watu 60, nikaridhika. Kumbe hao 60 ni wa viti vitupu, vimepangwa safu kwa safu, magoti yako yakigusa kiti cha mbele, hakuna hata pa kuwekea glasi. Ukitaka meza zipangwe kwa umbo la herufi U, unabaki na nafasi ya watu ishirini na kidogo. Vijana wa hoteli walijaribu hivyo jioni ya kuamkia kikao, na U yao ikaziba mlango. Tukaishia na meza sita za duara, watu sita kila moja, na upande unaoelekea skrini tukauacha wazi ili asikae mtu kwa kuipa kisogo. Kusema kweli, huo ndio mpangilio ambao ningeuchagua tangu mwanzo. Wasafirishaji hawapendi kuhutubiwa, wanapenda kubishana, na meza ya duara inawapa wa kubishana naye. Tatizo ni kwamba meza moja iliangukia nyuma ya nguzo. Nguzo hiyo kwenye picha walizonitumia haikuwepo. Mpiga picha alisimama akiwa ameiegemea, nadhani.

Kosa la pili pia ni langu. Nilikwenda kuukagua ukumbi Jumamosi saa tatu asubuhi: kimya, hewa safi, mwanga mzuri. Kikao kilikuwa Jumatano, na kiliendelea hadi jioni. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua likishaanza kushuka linashuka moja kwa moja magharibi, na madirisha yote ya ukumbi ule yanatazama huko. Ilipofika saa kumi likaingia lote. Mapazia yalikuwa meupe na mepesi, ya kupendezea harusi. Jedwali langu la gharama, ambalo ndilo lililowaleta watu, likafutika mbele ya macho yetu. Mzee mmoja wa Mombasa akauliza, "Kaka, hiyo skrini au shuka umeanika?" Nikamalizia kwa kusoma tarakimu kwa mdomo.

Umeme nao. Nilipouliza kabla, nilijibiwa, "Ssebo (yaani bwana), jenereta tunayo," na ni kweli wanayo. Ulipokatika saa sita kasorobo, taa zilirudi baada ya sekunde chache. Projekta haikurudi. Ile yenye balbu ya zamani ikizimika ghafla lazima ipoe kwanza ndipo ikubali kuwaka, na sisi tukakaa tunaitazama kama mgonjwa. Kumbe swali la kuuliza ni hili: soketi ya projekta ina betri ya akiba au haina? Kibetri kidogo cha UPS kingetosha kuivusha pengo lile.

Bei walinitajia shilingi 95,000 kwa kichwa: chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni, maji na ukumbi wenyewe. Nikazidisha haraka nikapata 3,420,000. Ankara ilipokuja ilisomeka 4,035,600, maana ile ya mwanzo haikuwa na VAT ya asilimia 18. Si wizi, ni mimi sikuuliza. Kwa upande wao, risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, walinipa siku hiyohiyo bila kuzungushana, na mwenye kampuni anajua thamani ya hilo.

Chakula sina neno. Matoke laini, mchuzi wa karanga mzito, sato wa kukaanga, na chai ya tangawizi yenye tangawizi kweli. Mgeni wetu wa Goma, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hakubadilisha saa yake ya mkononi. Akaingia tukiwa kwenye chai ya saa nne, akadhani tumeanza kwa kula. Akatusifu.

Mwakani nitarudi hapohapo. Nimeshaomba ukumbi wa upande wa pili, unaotazama mashariki, hauna nguzo. Meneja ananiambia huko jua linaingia asubuhi. Sawa, muda huo watu bado wanajiandikisha na kutafuta vikombe. Ila sitoi malipo ya awali mpaka niende kuuona siku ya kazi, saa kumi jioni, nikiwa na futi yangu mfukoni.