Kitabu cha Marie Curie, kwa wauzaji wa karibu na Posta, Lubumbashi

Wazazi na walimu wenzangu, kama nyumbani kuna mtoto wa sekondari anayeikimbia fizikia, mtafutieni kitabu hiki cha maisha ya Marie Curie, mwanasayansi aliyegundua radiumu, metali inayotoa mionzi. Ni cha Kifaransa, mitumba, kimejaa michoro. Nimekipata kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara karibu na Posta. Papa muuzaji alitaja franki elfu kumi na tano, tukaelewana kwa kumi.

Utamu wake uko kwenye kibanda alimofanyia kazi Marie. Mwandishi hana haraka ya kutoka mle ndani: paa la vioo linavuja, baridi ya Paris inapenya, na Marie amesimama mbele ya chungu kikubwa akikoroga mawe ya pechiblendi (madini yenye urani) yanayochemka, kwa nondo inayokaribia kimo chake. Kutoka kwenye tani za mabaki ya madini, mwaka 1902 akapata desigramu moja tu (sehemu ya kumi ya gramu) ya kloridi ya radiumu. Nilipowasomea wanafunzi hapo, darasa lilinyamaza, kisha binti mmoja akauliza: “Mwalimu, sasa walikuwa wanakula nini?” Jibu limo: Pierre, mumewe, alikuwa anafundisha, na Marie mwenyewe alifundisha wasichana kule Sèvres. Nobel ya fizikia ya 1903 na ile ya kemia ya 1911 zinapitiwa upesi, na sioni ubaya. Kifo cha Pierre mwaka 1906, alipogongwa na gari la farasi, kimeandikwa kwa heshima.

Kuna pengo linaloniuma. Mawe ya kibandani yalitoka Joachimsthal, Bohemia, na kitabu kinasema hivyo. Lakini kuanzia 1922, soko la radiumu duniani lilishikwa na mawe ya Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga, upande wa Likasi, yaliyokuwa yakisafishwa Olen, Ubelgiji. Bei ilishuka. Katanga haitajwi hata mara moja! Nimeiandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa unaosimulia mwaka 1921, pale Rais Harding wa Marekani anapomkabidhi Marie gramu moja ya radiumu iliyogharimu dola 100,000.

Kabla hujalipa, fungua sura ya vita vya 1914, yenye magari yake ya eksirei. Gundi imekauka, na karatasi za hapo ndizo zinazochomoka kwanza.