Pacha wa gati letu: maoni yangu baada ya mwaka mmoja

Kazi yangu ni kuzamia. Nimekagua nguzo za magati upande wa Mtongwe na Kilindini, Mombasa, kwa miaka 19. Mwaka jana tajiri wangu alilipia huduma ya pacha wa kidijitali kwa gati letu dogo lenye nguzo 24 za chuma. Yaani gati la pili ndani ya kompyuta, linalolishwa na vihisi vilivyofungwa kwenye gati lenyewe: mtetemo, mkazo wa chuma, kina cha maji.

Mwezi wa Mei, usiku, kusi imeshika, tishari likagonga gati. Zamani ningezamia nguzo zote, siku tatu nzima, katika maji ya masika ambayo huoni hata kiganja chako. Safari hii skrini ilionyesha nguzo ya 17 ndiyo iliyopigwa na imepinda kiasi gani. Nikashuka hapo hapo. Ufa niliukuta kwenye ungio, urefu wa shubiri. Saa moja tu majini! Kwa hilo peke yake pesa haikupotea.

Lakini zinki zilinitia hasira. Kila nguzo ina vipande vya zinki vinavyoliwa ili chuma chenyewe kisiliwe. Pacha alisema vimebakisha miaka miwili. Fundi kijana wa kampuni ya huduma hiyo akaniambia, "Mzee, zote ziko salama."

"Mwanangu, ngoja maji mafu, mkondo ukilegea, nikaziguse."

Nguzo za upande wa mkondo zilikuwa na vijipande vya ukubwa wa kidole. Kumbe kipimo cha umeme, kile kinachoonyesha zinki zinavyoliwa, kilifungwa kwenye nguzo moja, ya upande wa nchi kavu, na programu ikazihesabu 23 nyingine kuwa sawa nayo. Mkondo mkali huzimaliza zinki upesi, na bamvua la hapa hupandisha maji zaidi ya mita 3. Chaza nao hawamo kwenye hesabu yao, ilhali nguzo iliyonenepa chaza hupigwa na wimbi zaidi.

Kwa mabomba ya kituo kipya cha mafuta cha Kipevu, kilichofunguliwa 2022, yaliyofukiwa chini ya bahari, huduma kama hii ningeipokea kwa mikono miwili, maana huko mkono wangu haufiki.

Sisi tumeongeza huduma hiyo miezi 6, kwa sharti: vipimo vyangu vya kila maji mafu viingizwe siku hiyo hiyo, na nguzo 6 za upande wa mkondo zipate vipimo vyao vya umeme.