Mapazia ya merikani kwa nyumba ya Lamu: uzoefu wangu

Kwa dirisha linalopigwa na upepo wa bahari, sijaona kitambaa kinachoishinda merikani nzito, ile ya pamba isiyopaushwa. Poliesta haina shida ya pasi, lakini kusi ikivuma hupeperuka na kunasa kwenye nondo za dirisha. Merikani hutulia, na hewa inapita. Ila ina masharti yake, na mengi ni ya kabla ya kushika mkasi.

Kwanza, inarudi. Ikifuliwa mara ya kwanza hupungua hata sehemu moja kwa kumi, hasa kwa urefu. Basi iloweke usiku kucha katika maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke, ifue, ianike, uipige pasi ikiwa bado na unyevunyevu. Suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Maji ya kisima chenye chumvi hukiacha kitambaa kikivuta unyevu, na masika yakifika kinaota kuvu.

Hesabu yangu kwa fito ya sm 150 na pazia la kimo cha sm 210: ongeza sm 20 za pindo la chini (kumi mara mbili) na sm 8 za mfereji wa juu, ule wa kupitishia fito. Jumla sm 238, na kwa sababu ya kurudi nanunua mita 2.7 kwa kila upande, yaani mita 5.4. Kitambaa cha upana wa sm 150, kikisharudi na kukunjwa sm 2.5 mara mbili kila ubavu, hubaki kama sm 133. Pande mbili hufunika fito mara moja na robo tatu. Kwa merikani panatosha. Kitambaa chepesi kingetaka mara mbili na nusu.

Usikate kwa kufuata chaki peke yake. Vuta uzi mmoja wa mshindio, ule unaopita kwa upana, utoke, kisha kata kwenye mstari uliobaki. Pazia lililokatwa upogo hujinyonga likitundikwa, na hakuna pasi ya kulinyoosha. Ukingo wa kiwandani nao uondoe, maana huvuta mshono.

Sindano namba 14, na 16 kwenye pembe zenye kunjo nyingi. Urefu wa kila mshono uwe milimita 3. Hapa ndipo poliesta inapofaa: uzi wa pamba huoza kwa jua mapema. Pindo la chini lipige bandi tu, yaani mshono wa muda, utundike pazia siku mbili tatu, upime tena kutoka sakafuni ndipo ushone. Pamba hushuka kwa uzito wake, na upande mmoja huweza kushuka kuliko mwenziwe.

Ringi za chuma ziepuke kabisa. Hewa ya chumvi huziotesha kutu, na doa la kutu kwenye merikani ni gumu kutoka. Mimi hupitisha mti ndani ya mfereji: fito ya mkoko iliyonyooka, unene wa sm 3 hivi, iliyoambuliwa ganda lote na kupigwa msasa. Ganda lina rangi nyekundu inayochafua kitambaa.

Kasoro ya merikani ni mwanga. Dirisha linalotazama mashariki huwasha chumba chote alfajiri, kwa hiyo kwa chumba cha kulala tia bitana ya rangi nzito, nayo irudishwe majini kwanza kama merikani yenyewe, la sivyo itarudi baadaye na kulivuta pazia juu.