Nilivyochagua Rekoda ya Kamera za Nyumbani: Uzoefu Wangu Kutoka Bombo

Watu wengi wanaponuia kufunga kamera za usalama nyumbani huanza kwa kuulizia kamera zenyewe: zinaona umbali gani, zinaona usiku, zina megapikseli ngapi. Rekoda huachiwa fundi, naye huleta ile iliyopo dukani. Mimi nilianza na rekoda, kwa sababu kamera kazi yake ni kuona tu. Kinachotunza picha, kinachozitafuta na kinachozitoa siku zinapohitajika ni rekoda. Nimeishi na niliyoinunua katika misimu ya mvua na ya kiangazi, kwenye nyumba yetu ya familia hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala, na naona sasa nina la kumwambia mtu anayejiandaa kununua.

Nyumba yetu ina geti moja, ua wa nyuma wenye jiko na tangi la maji, na stoo iliyojengwa mbali kidogo na nyumba kubwa. Tulihitaji kamera tano. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kati ya aina mbili za rekoda. DVR hupokea picha kupitia waya wa koaksia, kama ule wa antena ya televisheni, na kazi ya kuzibana picha ili zienee kwenye diski hufanyika ndani ya rekoda yenyewe. NVR hupokea picha ambazo kamera imekwisha kuzibana, zikipita kwenye waya wa mtandao kama ule wa kompyuta. Aliye na nyaya za koaksia ukutani tangu zamani sioni sababu ya kuzing'oa. DVR za siku hizi hutoa picha safi, na waya wa koaksia huvuka mita 100 bila shida, ambapo waya wa mtandao wa shaba haupaswi kupita hapo. Kwetu ukuta ulikuwa haujaguswa, na kutoka kwenye nyumba hadi getini si mbali, kwa hiyo nilichagua NVR yenye matundu manane ya waya. Matundu matatu yaliyobaki ni ya baadaye, na rekoda ya matundu manne isingetutosha hata siku ya kwanza.

Hata hivyo, kilichonivuta hasa kwenye NVR ni umeme. Rekoda niliyochagua hupeleka umeme kwa kamera kupitia waya uleule unaoleta picha, mpango unaojulikana kwa herufi PoE, ambao kwa kiwango chake cha kwanza hutoa hadi wati 15.4 kwenye kila tundu. Kwa nchi kama yetu, ambako umeme unaweza kukatika jioni na kurudi alfajiri, jambo hili lina uzito kuliko ubora wowote wa picha. Kamera haina adapta yake pembeni, haitegemei soketi ya getini, wala haizimiki kwa sababu mtu amechomoa kitu ili achaji simu. Ukiipa rekoda betri, umezipa kamera zote betri.

Nilipiga hesabu kabla ya kulipa. Rekoda yenye diski moja na kamera tano zinazowasha taa zao za infraredi usiku hutumia kama wati 50 kwa jumla. UPS ndogo ya mezani, yaani kifaa cha akiba ya umeme, yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 tu, na hiyo haimalizi hata saa mbili. Kwa kweli hukaribia saa moja. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula sehemu yake, zinabaki kama wati-saa 500. Hizo ni saa kumi, yaani usiku mzima wa giza. Kwa hiyo inveta na betri niliviweka kwenye bajeti tangu mwanzo, nikapunguza megapikseli za kamera mbili ili fedha zitoshe, na ningefanya hivyo tena leo. Mwizi hangoji umeme urudi.

Jambo la pili ni diski, na hapa naomba msomaji awe na subira kidogo, kwa maana ndipo wanunuzi wengi wanapodanganywa bila hata muuzaji kukusudia kudanganya. Katika duka moja la Kampala niliambiwa, "Hajati, hii inakuwekea mwezi mzima." Rekoda ile ilikuwa na diski ya terabaiti 1. Kamera ya megapikseli 4 inayobana picha kwa mtindo wa H.264 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde huandika nusu megabaiti kila sekunde, kwa kuwa megabaiti moja ni megabiti nane. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kamera moja hula gigabaiti 43 hivi, na kamera tano hula gigabaiti 216 kila siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla siku ya tano haijaisha, kisha rekoda huanza kufuta picha za zamani ili iandike mpya. Mwezi anaoutaja muuzaji hupatikana ikiwa rekoda inarekodi tu pale kitu kinapotikisika, na katika ua wenye kuku, matawi ya mwembe na popo wa usiku, vitu hutikisika karibu muda wote.

Rekoda yangu hubana kwa mtindo wa H.265, ambao kwa ubora unaokaribiana huhitaji takriban nusu ya nafasi. Niliweka kila kamera megabiti 2 kwa sekunde, na kwa diski ya terabaiti 4 ninapata zaidi ya siku 35 za kurekodi mfululizo bila kukatiza. Niliuliza kwanza kama kamera nazo zinatumia H.265, kwa sababu katika NVR kamera ndiyo inayobana. Rekoda nzuri haiwezi kufidia kamera ya zamani.

Umuhimu wa siku hizo niliuona wakati mtungi wa gesi wa akiba ulipokosekana stoo. Hakuna aliyejua uliondoka lini. Tuliugundua siku tulipouhitaji. Maneno yalikwisha kuanza kumwelekea binti anayetusaidia kazi, na katika nyumba zetu maneno ya namna hiyo yanaweza kumfukuzisha mtu kabla hajaulizwa. Rekoda ina uwezo wa kutenganisha watu na vitu vingine vinavyotikisika, kwa hiyo nilichagua kamera ya stoo, nikaomba nionyeshwe watu pekee, nikarudi nyuma wiki moja baada ya nyingine. Mtungi ulitolewa na kijana wangu mwenyewe, mchana kweupe, kumpelekea shangazi yake aliyeishiwa gesi siku ya wageni, na wote wawili walikuwa wamesahau. Nilimwita yule binti nikamwonyesha picha zile mbele ya wote walionong'ona. Kwa rekoda ya siku nne angeondoka na doa asilostahili, na mimi ningebaki na dhambi yake.

Kuhusu diski yenyewe, diski ya kompyuta ya kawaida haikutengenezwa kwa kuandikwa saa 24 bila kupumzika. Zipo diski zilizokusudiwa kamera, kama vile Purple ya Western Digital na SkyHawk ya Seagate, nami nilichukua moja ya hizo. Sokoni huuzwa pia diski zilizotumika ambazo zimesafishwa na kuvalishwa karatasi mpya. Njia ya kujua ni rahisi: ingia kwenye menyu ya hali ya diski, mahali panapoonyesha imewashwa kwa saa ngapi tangu itengenezwe. Diski mpya huonyesha saa chache sana. Yenye maelfu ya saa imekwisha kumtumikia mtu mwingine. Nililisema hili dukani kabla ya kulipa, na diski ya kwanza niliyoletewa ilirudishwa rafuni kimyakimya.

Saa ya rekoda ni jambo dogo linaloharibu makubwa. Yangu ilifika ikiwa imewekwa majira ya China, yaliyo mbele yetu kwa saa tano. Fundi alitaka kusogeza mishale tu. Mimi nilisisitiza tubadilishe ukanda wa saa uwe wa Afrika Mashariki, tuzime mabadiliko ya majira ya kiangazi ambayo huku hatuna, na rekoda ichukue saa yake kutoka intaneti. Picha ya mtu anayeruka ukuta saa nane usiku ikiandikwa kuwa ni saa moja asubuhi, wakili yeyote atauliza ni kipi kingine kisichoaminika ndani yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inakubali rekodi za kielektroniki kama ushahidi, lakini huelekeza mahakama ipime uaminifu wa namna rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Saa sahihi ni sehemu ya uaminifu huo.

Kwa sababu hiyohiyo nilijaribu kutoa picha kabla ya kuhitaji kuzitoa. Rekoda nyingine hutoa faili za aina yake ambazo hazifunguki bila programu maalumu, na si kila kituo cha polisi kitakuwa na kompyuta yenye programu hiyo. Yangu hutoa MP4 inayofunguka hata kwenye simu. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo tukio refu hukatwa vipande, nami huandika kwenye karatasi mpangilio wa vipande hivyo. Kutoa picha za nusu saa huchukua muda wa kutosha kunywa chai, na hapa rekoda hii ningependa iwe nyepesi zaidi.

Wengine wataniuliza kwa nini sikununua kamera zinazotuma picha moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, zisihitaji rekoda kabisa. Jibu liko kwenye hesabu ileile. Kamera tano kwa megabiti 2 kila moja ni gigabaiti 108 za kupakia kila siku, na hakuna bando la kawaida litakalovumilia hilo. Rekoda iliyoko nyumbani hurekodi hata intaneti ikikatika. Ninapokuwa safarini Arua hutazama kupitia programu ya simu kwa mkondo mdogo wa picha, ambao kwa nusu megabiti hula megabaiti 225 kwa saa. Mkondo mkubwa naufungua tu panapokuwa na jambo.

Kuiunganisha na intaneti kuna hatari yake. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka rekoda na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani, kisha ikazitumia kuangusha huduma za intaneti za watu wengine. Mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa katika vifaa vya Hikvision, chapa inayouzwa sana hata huku kwetu, na kampuni ikatoa programu ya kuuziba. Aliyesasisha alikuwa salama, asiyesasisha alibaki wazi. Kwa hiyo nilichagua rekoda inayokulazimisha kuunda nywila siku ya kwanza, ambayo mtengenezaji bado anaitolea masasisho, na nikamkataza fundi kufungua milango ya mtandao kwenye rauta, ambayo ingemwezesha yeyote wa nje kuifikia rekoda. Nywila ya msimamizi ninayo mimi na mume wangu. Fundi alifanya kazi yake nikiwa nimesimama pale, nikaibadilisha baada ya yeye kuondoka, naye hakuona ubaya.

Kamera ya geti ilikuwa inaona pia mlango wa jirani yetu. Rekoda inaruhusu kufunika sehemu ya picha kwa kivuli cheusi, nami nilikichora juu ya mlango wake nikamwita aje aone kwenye skrini. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, lakini hata isingekuwapo, mtu hapaswi kuhesabiwa wageni wake na jirani.

Kasoro za rekoda hii zipo. Feni yake hulia, na katika utulivu wa usiku huisikia kupitia mlango wa kabati. Menyu zake hazina Kiswahili, jambo linalomtenga mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda nyumbani siku nzima. Kebo zinazotoka nje nazo huleta hatari ya radi, na Uganda ina radi nyingi. Niliongeza vizuizi vya mshtuko wa umeme kwenye nyaya za nje na kuunganisha waya wa ardhi, gharama ambayo hakuna duka lililonitajia. Rekoda yenyewe imewekwa ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli, mbali na televisheni, kwa sababu mwizi mwenye akili hubeba rekoda kwanza.

Kwa anayepanga chumba kimoja au viwili, kamera moja yenye kadi ya kumbukumbu inamtosha, na fedha iliyobaki ni afadhali ainunulie kitasa imara. Kwa familia yenye ua, stoo na watu wanaoingia na kutoka, ningenunua tena NVR ya matundu manane yenye PoE na H.265, diski ya kamera isiyopungua terabaiti 4, pamoja na betri ya kuifikisha asubuhi, na kamera ningezichagua mwisho, kwa kadiri ya fedha iliyosalia.