Notisi ya kukatiwa maji kwa SMS: uzoefu wangu kama mpangaji

Mamlaka ya maji ya mji wetu ina huduma ya kumtaarifu mteja kwa ujumbe wa simu kwamba anadaiwa na kwamba asipolipa atakatiwa maji. Katika nyumba tunayopanga mimi ndiye ninayeshika daftari la maji: nasoma mita, nagawa bili kwa vyumba, nakusanya michango na kulipa. Kwa hiyo huduma hii naijua vizuri, ilipofanya kazi yake na ilipotuumiza. Naipa nyota tatu kati ya tano. Jina la mamlaka naliacha, kwa sababu wapangaji wa miji mingine niliozungumza nao wananieleza mambo yaleyale.

Uzuri wake kwanza. Ujumbe ni mfupi na unaeleweka. Una jina la mwenye akaunti, kiasi anachodaiwa, siku alizopewa kulipa, na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unaingiza kwenye simu, unalipa, risiti inarudi hapohapo. Wanaokumbuka foleni za kulipia maji dirishani, na ankara za karatasi zilizokuwa zikiloweshwa na mvua getini au kuchukuliwa na watoto, wanajua hili ni jambo kubwa. Mtu anayepokea ujumbe huu mwenyewe, kwenye simu yake, hana sababu ya kushtukizwa.

Tatizo ni hilo la kuupokea mwenyewe. Nyumba yetu ni ya vyumba vya kupanga vinavyozunguka uwanja mmoja, na mita ni moja tu, iko karibu na geti chini ya mfuniko wa bati. Akaunti iko kwa jina la mwenye nyumba. Wanaooga, wanaofua na wanaopikia maji hayo ni sisi, lakini kwenye kompyuta ya mamlaka hatupo. Nadhani nyumba za namna hii ni za kawaida kabisa mijini kwetu, na huduma nzima ya notisi imejengwa kana kwamba hazipo.

Asubuhi moja dada wa chumba cha mwisho alinigongea mlango. "Dada, toka, kuna watu wanang'oa mita." Nilikuta mafundi wawili, mmoja ameinama na spana ya bomba, mwenzake ameshika karatasi yenye orodha ya majina. Niliwasalimia, wakaitika kwa adabu. Nikauliza notisi yetu iko wapi.

"Ilishatumwa kwenye simu, dada," akasema yule wa orodha. "Sisi tunapewa majina tu."

Nikamwomba anionyeshe imetumwa namba gani. Alinigeuzia karatasi bila ubishi. Ilikuwa namba ya marehemu mzee, mume wa mama mwenye nyumba. Mzee alifariki kabla hata mimi sijahamia pale, na mama anaishi kwa binti yake mkoa mwingine. Ujumbe ulikuwa umetumwa kweli, na pengine zaidi ya mmoja, kwenye laini ambayo haina mtu. Nilimweleza fundi hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole sana, lakini nikiacha mita hii nitaulizwa mimi." Akaitoa, akafunga bomba kwa kizibo, akaandika namba ya mita kwenye karatasi yake na kuondoka nayo. Simlaumu. Mtu aliyetumwa na orodha hana mamlaka ya kusikiliza malalamiko, na hilo ndilo lililoniudhi: wa kwanza kutufikia ana kwa ana kuhusu deni hilo alikuwa ni mtu asiyeweza kutusikiliza.

Anayesoma hapa na hajawahi kukatiwa maji ajue gharama yake. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Jirani mwenye kisima alituuzia dumu la lita 20 kwa Sh 300, bei ya ujirani mwema kabisa. Maana yake uniti moja ilitugharimu Sh 15,000, na hayo ni maji ya chumvi kidogo yasiyofaa kunywa. Chumba cha pili kulikuwa na mtoto mchanga. Mama anayeuza chapati hakukanda unga kesho yake. Choo cha pamoja katika nyumba yenye familia nyingi, bila maji, sihitaji kukieleza. Ndiyo maana nasema notisi si jambo dogo la ofisini. Zile siku za notisi ndizo siku pekee ambazo watu wanaweza kuchanga, kuazima, kwenda kuuliza, au kujaza mapipa angalau.

Kisha ofisini. Hapa nyota inapanda, kwa sababu dada wa kitengo cha ankara alinisikiliza vizuri. Mimi huwa napiga picha ya mita kila mwisho wa mwezi ili wenzangu wasije wakadhani nawapunja. Namba nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni sehemu za uniti. Picha yangu ya mwisho ilionyesha 1,389. Ankara ilisema 1,412. Dada akageuza skrini yake niione: pembeni ya usomaji huo kulikuwa na neno "makadirio". Msoma mita alikuta geti limefungwa, akakadiria. Tofauti ilikuwa uniti 23, yaani lita 23,000, ndoo 1,150 ambazo hakuna mtu aliyezichota. Waliithibitisha kwa mita yenyewe waliyokuwa wameing'oa, wakapunguza ankara. Sehemu ya deni ilikuwa halali, nasi tuliilipa siku ileile. Lakini ada ya kurudishiwa huduma hawakuiondoa. Waliniambia mfumo unaiweka wenyewe mara mita inapotolewa, na kwamba notisi ilishatumwa. Yaani tulilipia kukatwa kulikotokana kwa sehemu na namba iliyokadiriwa, baada ya taarifa iliyotumwa kwa marehemu.

Jambo lililonisumbua zaidi baadaye ni kwamba hata kama ujumbe ule ungenifikia mimi, usingenisaidia kuligundua kosa hilo. Haukusema usomaji wa mita ni ngapi. Haukusema umekadiriwa. Haukusema ukiona deni si sahihi uende wapi au umpigie nani. Ulisema lipa, na tarehe.

Nilipoanza kulifuatilia suala hili nilikuta si letu peke yetu, na kwamba wenzetu kwingine wamelifikisha mpaka mahakama za juu kabisa. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya familia ya Craft wa Memphis dhidi ya shirika la umeme, gesi na maji la jiji lao. Nyumba waliyonunua ilikuwa zamani imegawanywa sehemu mbili, mita zikawa mbili, wakaletewa bili mbili, na huduma ikakatwa mara kadhaa huku wao wakihangaika kuuliza kwa nini wanalipa mara mbili. Notisi walizopata zilisema lipa la sivyo tunakata. Mahakama ilisema notisi ya namna hiyo haitoshi: lazima imweleze mteja kwamba ipo njia ya kulipinga deni kabla ya kukatiwa. Nilipoisoma hiyo nilimwona dada wa ankara na skrini yake. Njia ilikuwepo hata kwetu, ila hakuna aliyetuambia ipo mpaka bomba likawa na kizibo.

Nyingine ilinigusa zaidi kwa sababu ni ya wapangaji. Johannesburg, mwaka 2008, wakazi wa jengo linaloitwa Ennerdale Mansions walikatiwa umeme. Wao walikuwa wakimlipa mwenye jengo, na mwenye jengo hakuwa akilipa jiji. Hawakupewa notisi yoyote, kwa maelezo kwamba mteja ni mwenye jengo, si wao. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba wapangaji nao wana haki ya kuarifiwa kabla ya kukatiwa, siku 14 kwa uchache, na kwamba notisi itaje tarehe na saa ya kukata, sababu, na mahali pa kwenda kulalamika. Sheria ya nchi ile si sheria yetu, najua. Ila hoja yake haihitaji pasipoti: anayeathirika na kukatwa ndiye anayestahili kuambiwa.

Na siku 14 si anasa. Machi 2017, wakati Tanesco ilipoagizwa kuwakatia umeme wadaiwa sugu bila kujali ni nani, wadaiwa wakubwa, zikiwemo taasisi za serikali na shirika la umeme la Zanzibar, walitangaziwa siku 14. Wenye wahasibu na wanasheria walipewa wiki mbili. Ujumbe wetu ulitoa siku saba, kwa nyumba ya watu wanaolipwa kwa siku.

Sisemi mamlaka isidai. Maji ya bomba yana gharama halisi: umeme wa pampu, shabu na klorini za kuyatibu, mabomba yanayopasuka, mishahara. Mtaa ukiacha kulipa, mtaa wa mlimani ndio wa kwanza kukauka. Wapo wapangaji wanaokwepa kuchanga na kumwachia mwenye daftari aibu, na nimegombana nao. Uingereza wamepiga marufuku tangu 1999 kukata maji ya nyumba za kuishi kwa sababu ya deni. Sidhani mamlaka zetu zinaweza kufika huko leo. Kukata kunaweza kuwepo. Kukatia watu ambao hawajaambiwa ndiko kusikovumilika.

Wengine huniambia dawa ni mita za malipo ya kabla, kama LUKU. Nimeishi na LUKU miaka yote hii na naipenda kwa jambo moja: mita inamwarifu aliyepo. Uniti zikikaribia kuisha taa inawaka, nyingine zinalia, na aliye ndani ya nyumba anajua, awe mwenye nyumba au mpangaji. Lakini hata huko deni la mtu mwingine linaweza kukukuta. Kodi ya jengo ilipoingizwa kwenye LUKU Agosti 2021, ikaanza kukatwa kwa anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Tena umeme ukiisha unakaa gizani ukisubiri asubuhi. Maji yakiisha saa tano usiku na mtoto anaharisha, hali ni nyingine. Kwa hiyo sina haraka ya kushangilia mita hizo kwenye maji mpaka nione zimepangiwa nini kwa siku ambayo mtu hana hela kabisa.

Tulichofanya baadaye kimesaidia, na nakieleza ili mwingine asianzie sifuri. Nilimpigia mama mwenye nyumba, shikamoo na pole nyingi, kwa sababu kumtajia namba ya marehemu mumewe hakukuwa kwepesi. Akaandika barua fupi ya kunitambulisha, nikaipeleka na nakala ya kitambulisho changu na mkataba wa pango. Wakabadilisha namba: ya kwanza ya mama, ya pili yangu. Sikujua kama inawezekana kuweka namba mbili, na hakuna tangazo lolote pale ofisini linalosema hivyo, lazima uulize. Tangu wakati huo ujumbe unanifikia, ninaubandika kwenye mlango wa choo cha nje ambako kila mtu atauona, na michango inakuja bila kelele.

Pia omba nakala ya mkataba wa huduma kwa mteja wa mamlaka yako usome sehemu ya kusitisha huduma. Piga picha ya mita kila mwezi, tarehe ionekane. Ukishuku kuna mvujo, funga mabomba yote uangalie kile kigurudumu kidogo kwenye mita; kikizunguka, maji yanapotea chini ya ardhi na unalipia wewe. Ankara ikikataa kulingana na mita, peleka malalamiko kwa maandishi ofisini kwao na udai nakala iliyogongwa mhuri, kwa sababu kwa Tanzania ndiyo hatua ya kwanza kabla ya kwenda EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, na bila hiyo utaambiwa urudi ulikotoka. Baraza lao la watumiaji, EWURA CCC, lipo pia mikoani na linasaidia mtu asiyejua pa kuanzia.

Kwa mamlaka yenyewe, kama kuna anayesoma maoni ya wateja: wekeni usomaji wa mita ndani ya ujumbe, semeni kama umekadiriwa, wekeni namba ya simu inayopokelewa na mtu. Mafundi wenu hupita mtaani kwetu karibu kila siku. Karatasi moja ikibandikwa getini siku chache kabla ingewafikia wote ambao simu haiwafikii. Na tafadhali msitume notisi Ijumaa jioni. Ya mwisho niliyoipata iliingia ofisi zikiwa zimefungwa, siku mbili kati ya zile saba zikapita bila mtu wa kumuuliza, na nyota ya nne mliikosea hapo.